Kabla hujawapa wachezaji hojaji kuhusu kocha wao

Hojaji 22 za kwanza nilizokusanya kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili bado ziko kabatini, zimefungwa kwa raba. Sikutumia hata moja. Nataka kueleza kwa nini, maana kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Maseno, Kakamega na Njoro hunipigia simu wakitaka kuandika kuhusu uongozi katika michezo ya vyuo vikuu, na wengi wao wameshapiga chapa hojaji zao kabla hawajakanyaga uwanja.

Ilikuwa Jumamosi, katika chuo kimoja cha ukanda huu wa magharibi. Nilitoka Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, alfajiri kwa matatu, nikafika timu ya wanawake ya kandanda ikipasha misuli. Walifungwa mabao matatu kwa bila. Mechi ilipokwisha kocha aliwaketisha chini ya mwembe, akanipa nafasi nijitambulishe, kisha akabaki amesimama nyuma yao, mpira kwapani. Nikagawa karatasi na kalamu. Baada ya dakika kumi walikuwa wamemaliza, nami nikafurahi kwamba kazi ni nyepesi.

Usiku nilipoanza kuingiza majibu kwenye kompyuta nikakutana na 5 kutoka juu hadi chini. Tano ilimaanisha "kila mara". Kocha huwauliza wachezaji maoni yao kabla ya kupanga mbinu: 5. Kocha haelezi sababu za anayoyafanya: 5. Mchezaji yuleyule, karatasi ileile, kocha yuleyule. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nane. Hali ni hiyohiyo.

Golikipa wao alikuwa ameshanieleza mchana uleule. Alinikuta bombani nikinawa mikono, akasema bila hasira: "Dada, mwenye kupanga kikosi alikuwa amesimama pale. Sasa ulitaka tuandike nini?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyeandika jina. Akanikumbusha kwamba nilizikusanya karatasi kwa kufuata walivyokaa.

Kwa hiyo anza hapo. Usigawe hojaji siku ya mechi, sembuse baada ya kufungwa. Mwombe kocha ajaze yake ofisini wakati uleule ambapo wachezaji wanajaza zao uwanjani. Hivyo anakuwa na kazi ya kufanya na hajihisi amefukuzwa. Mimi baadaye nilitumia katoni ya maji ya chupa, nimeifunga kwa utepe pande zote na kuitoboa juu, kila mtu akitumbukiza karatasi yake akiwa tayari. Majibu yalibadilika mara moja. Watu walianza kuweka 2, wakaweka 1, na kuna aliyeandika pembeni maelezo ambayo sikuyaomba.

Hojaji yenyewe haikuwa mbaya. Inaitwa Leadership Scale for Sports, ilitungwa na watafiti Packianathan Chelladurai na mwenzake Saleh wakiwa Kanada, ikachapishwa 1980, na bado ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika sana duniani kupima uongozi wa makocha. Ina sentensi 40: 13 za mazoezi na maelekezo, 9 za kuwashirikisha wachezaji katika maamuzi, 5 za uamrishaji, 8 za kumjali mchezaji kama binadamu, na 5 za kumpongeza afanyapo vizuri. Ina sura tatu pia: kocha alivyo machoni pa mchezaji, kocha ambaye mchezaji angependa kuwa naye, na kocha anavyojiona mwenyewe. Nadharia iliyo nyuma yake inasema mchezaji huridhika na kufanya vyema pale ambapo kocha anafanya kile kinachohitajika na mazingira na kile ambacho wachezaji wenyewe wanakitaka. Utaona basi kwamba ukitumia sura moja tu, kama wanavyofanya wengi ili kupunguza kazi, umejikata mguu. Huwezi kujua kama shati linamtosha mtu hali umepima shati peke yake.

Sasa niseme la sentensi zile nane za kumjali mchezaji, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Moja inauliza kama kocha huwaalika wachezaji nyumbani kwake. Nyingine inauliza kama huwahimiza wamweleze mambo yao ya ndani. Kwenye kipimo, anayefanya hivyo kila mara anapata alama za juu: ni kocha anayejali. Nilipowasomea wasichana wa timu ya voliboli sentensi hizo kwa Kiswahili, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Nyumbani kwake kufanya nini?" Timu hiyo ilikuwa na kocha mwanamume, kama zilivyo timu nyingi za wanawake nilizozitembelea. Kwao mwaliko ule ulikuwa ni jambo la kuogopa, na msichana aliyeweka 1 alikuwa anamsifu kocha wake.

Fikiria maana yake kwenye hesabu. Kocha muungwana anapata alama za chini kwa uungwana wake, na kocha wa kutiliwa shaka anapanda. Ukijumlisha sentensi nane bila kuzitazama mojamoja, utaandika kinyume cha ukweli kwa uhakika kabisa, tena ukiwa na jedwali la kukuunga mkono. Kutafsiri peke yake hakukuokoi. Walimu wawili wa Kiswahili walinisaidia: mmoja alitafsiri, wa pili akarudisha kwenye Kiingereza bila kuiona asili, na sentensi zilirudi salama. Maneno yalikuwa sawa. Maisha ndiyo yaliyokuwa tofauti. Kilichosaidia ni kuketi na wachezaji sita wa timu ambayo sikukusudia kuitafiti, tukapitia sentensi zote 40, kwa kila moja nikiuliza: ukisikia hivi, unamwona kocha wa namna gani? Ilichukua alasiri mbili. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika yote ninayoandika hapa, fanya hilo.

Vitabu na makala utakazosoma nyingi zitatoka Marekani, na lazima uelewe zimeandikwa juu ya mpangilio gani. Kule michezo ya vyuo ina chama chake, NCAA, tangu 1906. Sheria ya 1972 iitwayo Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na ikafungulia wasichana viwanja. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura yake. Usidhani kwamba hao ni watu wa aina nyingine. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, ambako milima yake tunaiona kutoka hapa Kisumu, alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Watoto wetu wamo ndani ya historia ile.

Kinachotofautiana ni kile ambacho kocha anakishika mkononi. Mwanafunzi wa Marekani anayesomeshwa kwa ufadhili wa michezo akikosana na kocha, ada yake inaweza kuwa mashakani. Wa kwetu ada inatoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, au kwa mzazi aliyeuza ng'ombe, na kocha hana usemi hapo. Kocha wa kwetu anashika orodha ya watakaopanda basi. Basi ndiyo safari, ndiyo posho, ndiyo kulala nje ya chuo siku nne na kula nyama. Nimeona wachezaji wazima wakinyamaza kwa ajili ya orodha ile. Ukitaka kuandika kuhusu uamrishaji katika michezo ya vyuo vyetu, uliza kwanza nani anaandika orodha, lini, na nani anaweza kuibadilisha. Sentensi hiyo haimo kwenye zile 40. Ongeza yako.

Nilirudi uwanjani nikakaa wiki tatu bila karatasi, nikitazama tu. Siku moja basi lilichelewa kwa saa mbili. Nahodha alikaa kwenye ngazi na simu yake. Mchezaji wa akiba, ambaye hata jina lake sikuwa nimelishika, alimpigia afisa wa michezo, akahesabu waliokuwa hawajala, akachangisha shilingi ishirini ishirini na kuleta mifuko miwili ya mandazi. Hakuna aliyemwamuru. Baada ya hapo nikaongeza swali moja: basi likichelewa, mnamtazama nani? Taja watu wawili. Jina la yule dada lilitajwa mara nyingi kuliko la nahodha. Swali rahisi namna hiyo litakuonyesha uongozi ambao kitambaa cha nahodha hakiuonyeshi.

Kuhusu takwimu, nitasema moja. Msimamizi wako huenda akakuelekeza kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linalokuambia uhoji watu wangapi: ukiwa na wachezaji 200, chukua 132. Sawa. Lakini kama hao 132 wanatoka timu nane, una makocha wanane tu, na wachezaji wa timu moja wanamzungumzia mtu yuleyule. Kuwahesabu kama watu 132 wasiohusiana ni kujidanganya, na mtahini makini atakuuliza. Ongeza timu kabla ya kuongeza wachezaji, na timu ikiwa ndogo chukua wote.

Vibali navyo: cheti cha kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha barua kwa kila chuo. Anza mapema, na uangalie kalenda ya mitihani. Wa mwaka wa kwanza wapo wenye miaka 17, hao wanahitaji ridhaa ya mzazi. Orodha ya majina ukiipata, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Mimi majina niliyaweka kwenye daftari la peke yake, mbali na namba za hojaji, nikalifungia.

Na mwisho wa kazi, rudi. Mimi nilirudi chini ya mwembe ule nikiwa na karatasi moja ya matokeo, bila jina la mtu. Safari hii kocha aliomba kuketi nyasini pamoja nao. Alisoma mstari unaohusu kutoeleza sababu, akausoma tena, akauliza ni mechi gani waliyokuwa wakiifikiria. Kimya. Kisha golikipa akaitaja, na mazungumzo yakaendelea hadi giza likaingia: nani aliachwa nje, kwa nini, nani angepaswa kuambiwa mapema. Nilijaza kurasa sita. Hakuna hata neno moja la kurasa hizo lililoingia kwenye tasnifu, kwa sababu ilikuwa imeshapigwa jalada wiki mbili kabla.