Unatafuta historia ya kaskazini kwenye ramani za mkoloni? Anza na visima

Kuna vijana huniuliza waanzie wapi wakitaka kujua historia ya kwao huku juu kaskazini mwa Kenya, Marsabit, Moyale, North Horr, Turkana mpaka Ilemi, ile pembetatu inayogombaniwa mpakani na Sudan Kusini na Ethiopia, na wengi tayari wamepakua ramani fulani ya Waingereza kwenye simu na wanaizumu pale kwenye mstari wa mpaka tu. Mimi huwaambia mstari uacheni kwanza, angalieni maji. Kwenye ramani ya jangwa kitu ambacho mchoraji alikitilia maanani kikweli ni kisima, maana akikosea hapo ngamia wanakufa na wapagazi wanakufa, ndo maana utakuta karatasi karibu yote ni nyeupe halafu katikati kuna jina la kisima na kaandiko kadogo kando yake kwamba maji ni ya chumvi ama hukauka kiangazi.

Mstari wenyewe, ule wa Kenya na Ethiopia, hadithi yake si ndefu. 1902 mpaka 1903 walipita Waingereza Archibald Butter na Kapteni Philip Maud wakipima, mkataba wa 1907 kati ya Uingereza na Menelik, mfalme wa Ethiopia, ukaufuata huo mstari wa Maud, halafu Meja Charles Gwynn akaja 1908 kuupima tena na kupendekeza mstari wake, na mambo ya Kenya na Ethiopia yakaja kuwekwa kwenye mkataba mwaka 1970. Upande wa Ilemi ndo balaa, kuna mstari mwekundu wa 1931, kuna wa Wakefield wa 1938, kuna wa doria ya Sudan wa 1950 ambao umesogea magharibi zaidi, na kila mtu anachagua ule unaompendeza.

Kwa hivo jambo la pili, kabla hujasoma chochote ndani soma pembeni: nani aliichapisha, lini, na vipimo vilichukuliwa lini, kwa sababu hizo ni tarehe mbili tofauti na ramani iliyochapishwa miaka ya ishirini inaweza kuwa imebeba habari za msafara mmoja wa zamani sana. Nimeona watu wakibishana kwa hasira eti ramani imeonyesha Kismayu ndani ya Kenya kwa hivo ni feki, kumbe ni ya kabla ya 1925, wakati Jubaland ilikuwa haijakabidhiwa kwa Waitaliano. Nyingine inaonyesha Turkana ikiwa Uganda, na ni sawa pia, Turkana ilihamishiwa Kenya 1926.

Sasa majina. Hapa ndo penye raha na hapa ndo watu huruka. Wasafiri Teleki na von Höhnel, kutoka Austria-Hungaria, walifika ziwani Machi 1888 wakaliita Rudolf, jina likakaa mpaka 1975 lilipobadilishwa rasmi kuwa Turkana, hiyo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba msafara ule ulitoka Pangani na aliyewaonyesha njia sehemu kubwa ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa hukohuko Pangani. Na kabla yake, 1870, mmishonari Thomas Wakefield wa Ribe (si yule wa mstari wa Ilemi) alichapisha njia za misafara kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa Gazi. Yaani jina la kisima lilitoka mdomoni mwa Mrendille ama Mborana, likapita kwenye sikio la mtu wa pwani, likaishia kwenye kalamu ya Mzungu. Ukilikuta jina halieleweki lisome kwa sauti, ligeuze r na l, ondoa irabu ya mwisho, andika namna nne tano za kulitamka ndo uende nalo kwa wazee.

Na ukienda kwa wazee usiulize "ilikuwa mwaka gani", utapewa jibu la kukuridhisha tu. Borana wanahesabu kwa Abba Gada, yaani kiongozi wao mkuu, kila mmoja miaka minane, na orodha ya hao imeshaandikwa na inarudi nyuma karne kadhaa, wakati Gabra wanaita miaka kwa siku za wiki, saba halafu inazunguka. Uliza kisima kilichimbwa enzi ya Abba Gada gani, kisha ukae nyumbani ulinganishe na ramani polepole. Muulize pia Mgabra wa Galbo, moja ya makundi makubwa ya Gabra, kuhusu mlima Forole. Sadaka zao kubwa huenda kutolewa huko, na mlima uko upande wa Ethiopia, sasa hapo mwenyewe utaona mstari na ibada ni kipi kilitangulia.

Lakini tafadhali usifike manyatta ukakunjua ramani mbele ya watu kabla ya kuonana na chifu na wazee na kunywa chai. Huku ramani maana yake ni ardhi inaenda. Watu wanakumbuka zile ekari 150,000 za mradi wa upepo kule Loiyangalani ambazo mahakama ilisema 2021 hati zake hazikutolewa kihalali, kwa hivo wakikuangalia vibaya wana haki. Usiulize ardhi ni ya nani. Uliza nani alichimba, nani hupanga zamu ya kunywesha, nani alikuwa akija kuomba maji wakati wa ukame na aliombaje. Kisima cha Borana kina abba konfi, yule wa ukoo uliochimba, na abba herrega wa zamu, na wageni wanaingia kwa makubaliano, kwa hivo jina moja la kabila lililoandikwa juu ya ramani halimaanishi wengine hawakuwepo. Mwanasiasa akikuomba kopi msimu wa uchaguzi, mwambie simu imeharibika.

Kuzipata si ngumu siku hizi. British Library imeskani ramani nyingi za jeshi la Uingereza za Afrika Mashariki, za 1890 mpaka 1940 hivi, ziko bure mtandaoni. Ila mimi napenda zaidi Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, uombe ripoti za madisii (wakuu wa wilaya wa kikoloni) wa NFD, yaani Northern Frontier District, jina la kikoloni la eneo hili la kaskazini, walizokuwa wakikabidhiana, maana tangu sheria ya 1902 eneo lilikuwa limefungwa, huingii bila kibali, na hao madisii walikuwa wakichora kwa mkono njia za mifugo na mipaka ya malisho waliyojaribu kuwawekea watu. Mchoro wa namna hiyo una mambo ambayo ramani nzuri iliyochapishwa iliyafuta. Piga picha karatasi nzima pamoja na kingo zake na nambari ya faili. Ukitaka kuipachika juu ya ramani ya leo, programu ya ramani ya kompyuta iitwayo QGIS ni bure, na shikilia vilele vya milima, Kulal, Forole, Huri Hills, usishikilie mito, mito ya huku huhama.