Maswali ya Wasomaji: Nenosiri Limebadilishwa, Barua Bado Zinavuja

Maswali ya mwezi huu yametoka Lamu na Malindi, na yote yanahusu barua pepe za ofisi ndogo: nani anazipokea, nani ana uwezo wa kuzifungua, na ofisi ifanye nini mmoja wao anapoondoka. Barua zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nasimamia nyumba ya wageni huku Mkomani, Lamu. Ofisini tuko watatu, na tunatumia anwani moja ya Gmail ambayo ndiyo iliyochapishwa kwenye kadi zetu na ndiyo waliyo nayo mawakala wote. Karani aliyekuwa akishughulikia nafasi za wageni aliacha kazi kabla ya msimu wa Kaskazi. Tuliagana vizuri, na siku ile ile tukabadilisha nenosiri. Juzi mgeni kutoka Ujerumani ametuuliza kwa nini ameletewa bei ya nyumba nyingine, iliyoko Shela, na mtu anayejua hadi tarehe yake ya kufika, ilhali alituandikia sisi peke yetu. Je, yawezekana karani bado anasoma barua zetu? Tufanyeje?
*Msimamizi wa nyumba ya wageni, Lamu*

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Yawezekana kabisa, na wala hahitaji kulijua nenosiri jipya. Nenosiri hulinda mahali pa kuingilia tu, lakini amri ya kuelekeza barua kwenye anwani nyingine hutekelezwa na seva yenyewe, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua zenu, kila barua inapofika, na amri hiyo hubaki pale pale hata nenosiri libadilishwe mara kumi. Mmebadilisha kufuli la mlango, na bomba linalopeleka maji kwenye birika la jirani bado liko wazi.

Kabla hujamwita mtu mwizi, kumbuka kwamba mara nyingi mpango wa namna hii huwekwa kwa nia njema. Umeme hukatika, kompyuta ya ofisi huzimika, na karani mwenye bidii huona afadhali nakala za barua zimfikie kwenye simu yake ili mgeni asikae bila majibu. Huenda mliufurahia mpango huo wakati ule. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuandika popote, kwa hiyo siku ya kuagana hapakuwa na aliyekumbuka kuufunga. Tena mgeni huyo huenda alimwandikia wakala mwingine na akasahau. Kwa hiyo kagua kwanza, useme baadaye.

Ukaguzi ufanyie kwenye kompyuta, kwa kutumia kivinjari, kwa sababu programu ya Gmail ya kwenye simu haina sehemu ya kuwekea wala kuondolea amri hiyo. Fungua mipangilio yote, kisha ukurasa unaohusu kuelekeza barua pamoja na POP na IMAP, yaani njia mbili ambazo programu nyingine za barua hutumia kusomea kasha lenu la barua. Ukiona hapo anwani usiyoitambua, au unayoitambua vizuri mno, usiifute papo hapo. Piga kwanza picha ya skrini yenye anwani hiyo na tarehe ya siku, uihifadhi, ndipo uizime na kuiondoa. Mkija kuhitaji ushahidi, kilichofutwa hakitarudi.

Watu wengi wakifika hapo huona wamemaliza, na kumbe kuna mahali pa pili pa kutazama, nako ni kwenye ukurasa wa vichujio. Kichujio ni agizo dogo lenye sehemu mbili: sehemu ya kwanza inataja barua zinazolengwa, na ya pili inaeleza zifanyweje. Kichujio chaweza kusema kwamba barua yoyote yenye neno la kuomba chumba ipelekwe kwenye anwani fulani, kisha iwekwe alama ya kuwa imeshasomwa, au hata itupwe kwenye pipa. Ukurasa wa kwanza unaweza kuonyesha kwamba uelekezaji umezimwa, na wakati huo huo kichujio kikaendelea na kazi yake kimya kimya. Soma kila mstari kwa utulivu, hasa sehemu ya pili. Ukikuta kichujio kinachofuta barua za wageni, hapo habari ya nia njema imekwisha.

Baada ya hapo, tazama kwenye ukurasa wa akaunti kama kuna mtu aliyepewa ruhusa ya uwakilishi, yaani anayefungua kasha lenu kwa kutumia akaunti yake mwenyewe. Halafu ingia kwenye sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, uangalie vifaa vilivyoingia, programu za nje zilizoruhusiwa, na zaidi ya yote namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika ofisi zetu akaunti hufunguliwa na kijana anayesemekana anajua kompyuta, naye huweka namba yake kwa sababu ndiyo aliyo nayo mkononi. Miaka inapita, kijana anaondoka, na namba inabaki. Mwenye namba hiyo anaweza kuomba nenosiri jipya wakati wowote, na ninyi ndio mtakaofungiwa nje. Weka namba ya mwenye nyumba, au laini ya ofisi iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Ukishamaliza yote hayo, badilisha nenosiri tena na uviondoe vifaa msivyovitambua.

Kuhusu karani mwenyewe, mpelekee maandishi ya heshima kumwarifu kwamba barua za ofisi zilikuwa zikimfikia, kwamba njia hiyo imefungwa, na kwamba mnamtaka azifute nakala zote na athibitishe kwa maandishi kuwa amezifuta. Wengi huishia hapo kwa aibu. Asipojibu, au mkigundua kwamba baada ya kuondoka aliingia ndani ya akaunti bila ruhusa, basi jueni kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtoza mwenye kuingia bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hilo ni la wakili na polisi, nami naliacha mikononi mwao.

Lenye kuwahusu ninyi moja kwa moja ni wageni. Kwenye kasha la nyumba ya wageni hukosi picha za pasipoti, namba za simu na tarehe za safari. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ninyi ndio wenye dhamana ya taarifa hizo. Zikimfikia asiyeruhusiwa, na ikawa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, mnatakiwa kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipojua, na kumwarifu mwenye taarifa bila kuchelewa. Yule mgeni wa Ujerumani amewauliza swali la haki, basi mjibuni ukweli. Mwambieni pia kwamba akipata ujumbe wowote unaomtaka atume malipo ya awali kwenye akaunti nyingine ya benki, asilipe mpaka awapigie simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni ofisi ndogo ya kupanga safari hapa Malindi. Wanne tunatumia nenosiri moja la barua pepe, limebandikwa nyuma ya mlango. Mkurugenzi alipowasha uthibitishaji wa hatua mbili, msimbo ukawa unakwenda kwenye simu yake. Akiwa baharini na watalii hapatikani, na sisi tunakaa tukitazamana. Je, tuuzime?
*Karani, Malindi*

JIBU: Msiuzime. Kiondoeni hicho kikaratasi nyuma ya mlango, maana kila anayeingia kuuliza bei ya safari anaweza kukisoma.

Dawa ya shida yenu ni kila mmoja kuwa na njia yake ya kuingilia. Gmail ya kawaida, hata ile isiyolipiwa, humruhusu mwenye akaunti kuteua wawakilishi hadi 10. Mkurugenzi akae mbele ya kompyuta, afungue ukurasa wa akaunti kwenye mipangilio, na aandike anwani za Gmail za makarani mmoja mmoja. Kila mmoja atapata barua ya mwaliko anayotakiwa kuikubali ndani ya wiki moja, vinginevyo mwaliko hufa. Akishaikubali, anafungua kasha la ofisi akiwa ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa nenosiri lake, bila kuujua msimbo wa mkurugenzi. Anaweza kusoma, kujibu na kufuta, lakini hawezi kubadilisha nenosiri la ofisi. Na siku anapoacha kazi, mkurugenzi anaondoa jina lake tu, wala hakuna haja ya kuwasumbua wengine watatu.

Mpango huo una uzito wake pia. Mwakilishi anaweza kufuta barua, kwa hiyo asiteuliwe mtu wa wiki mbili. Aidha, kila karani awashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake, kwa kuwa akaunti yake sasa ndiyo njia ya kufikia barua za ofisi.

Kwa siku ambazo mkurugenzi mwenyewe amepoteza simu, Google hutoa misimbo 10 ya akiba yenye tarakimu 8, na kila msimbo hutumika mara moja tu. Aichapishe, aiweke mahali panapofungwa, pamoja na hati za ofisi. Mimi ningemshauri pia aache kupokea msimbo kwa ujumbe wa simu na atumie programu ya uthibitishaji, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa ulaghai kwenye kadi nyingine, na mlaghai akaanza kupokea misimbo ya mkurugenzi.

SWALI: Tuna anwani ya ofisi yenye kikoa chetu, yaani jina letu wenyewe la mtandaoni, cha .co.ke, na barua zake zote zinaelekezwa kwenye Gmail ya mwenyekiti. Siku hizi nyingine zinaangukia kwenye barua taka, na nyingine hazifiki kabisa. Kosa liko wapi?
*Katibu wa chama cha ushirika, Lamu*

JIBU: Kosa liko kwenye njia mliyoichagua. Wenye vikoa hutangaza hadharani ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lao, na utaratibu huo huitwa SPF. Mnunuzi wa Nairobi akiwaandikia, barua inafika kwenye seva yenu, nayo inaituma tena kwenda Gmail. Machoni pa Gmail, barua inayodai kutoka kwa mnunuzi imeletwa na seva ambayo mnunuzi hakuitaja, basi inaishuku. Iko saini nyingine, DKIM, ambayo husafiri ndani ya barua na hubaki sahihi hata barua ikipitishwa kwingine, ilimradi maandishi yasiguswe. Lakini si kila mtumaji anaiweka, na ziko seva ambazo huongeza maneno chini ya barua na kuiharibu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti yao kwa watumaji, kwa hiyo mambo yaliyokuwa yakipita zamani sasa yanazuiliwa.

Acheni kuelekeza. Mwenyekiti aweke kasha la ofisi lenyewe kwenye programu ya barua ya simu yake kwa njia ya IMAP. Aliyewauzia huduma ya kikoa atawapa jina la seva na namba za kujaza. Hapo atasoma barua zikiwa pale pale zilipo, na majibu yake yatatoka kwa anwani ya chama, sio ile yake binafsi.

SWALI: Mume wangu yuko Mombasa na anataka kuona kila barua inayoingia kwenye ofisi yetu ya Malindi. Je, kumwelekezea nakala ni vibaya?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Si vibaya, Bi, maadamu wafanyakazi wote wanajua. Chagueni nakala ya asili ibaki kwenye kasha la ofisi, kwa sababu mipangilio hiyo hiyo ina chaguo la kuifuta baada ya kuielekeza. Mwambieni pia kwamba Gmail haielekezi barua taka wala zile zilizofika kabla ya amri kuwekwa, kwa hiyo asije akadhani ameona yote. Mtu wa Malindi aendelee kuipitia sehemu ya barua taka angalau mara moja kwa wiki, kwani baada ya siku 30 hufutwa zenyewe.