Homa ukiwa kwenye kemo haisubiri kliniki ya Jumatatu

Dada, hayo ya nywele na chakula yaache kwanza. Umeuliza mambo mengi, ule nini, nywele, usingizi, mazoezi, mdomo kuwa na ladha ya chuma, halafu katikati humo umepitisha haraka haraka kwamba jana jioni ulipata kahoma, themomita ikasoma 38.1, ukameza panadol ikashuka, na unasubiri kliniki ya Jumatatu ndo uwaambie. Na umesema leo ni siku ya kumi tangu dripu ya mwisho ya kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za kansa. Hapo ndo nimeshtuka. Usisubiri Jumatatu. Tafuta namba ya wodi uliyopewa ulipoanza matibabu, piga sasa hivi, hata kama sa hizi themomita inasoma 36 na unajisikia mzima kabisa. Wasipopokea nenda idara ya dharura. Ukishapiga ndo urudi usome haya mengine.

Nimeona waliotangulia kukujibu wanasema homa kwenye kemo ni kawaida, unywe maji mengi upumzike. Si kawaida. Kichefuchefu ni kawaida, uchovu ni kawaida, nywele kukatika ni kawaida kwa dawa nyingi. Homa ya 38 na kuendelea kwa mtu aliye kwenye kemo inahesabiwa ni dharura mpaka vipimo viseme vingine, na hospitali nyingi zimejiwekea lengo kwamba mtu wa hivyo akifika awe ameshachomwa antibaiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Saa moja! Wewe unaongelea keshokutwa.

Nakwambia haya kwa uchungu maana ushauri huo huo nilipewa mimi. Jioni moja nimejifunika blanketi na joto lote lile, nikapima ikasoma 38.2. Nikataka kupiga hospitali. Kuna jamaa wa karibu wa familia, aliwahi kuuguza mgonjwa wa kansa kwa hiyo nyumbani kwetu neno lake lilikuwa la mwisho, akasema usiwasumbue madaktari usiku, hiyo ni dawa inapambana na ugonjwa, homa ni dalili nzuri, meza panadol mbili ulale. Nikameza, ikashuka mpaka 36.9, watu wote wakapumua, yeye akasema si mnaona. Usiku wa manane nikaamka natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, shuka limelowa jasho chapachapa, nikajaribu kuinuka niende chooni miguu ikagoma nikadondokea mlangoni. Kufika hospitali presha ilikuwa chini mno, bakteria wameshaingia kwenye damu, nikapelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari aliuliza swali moja tu, homa ilianza saa ngapi. Mke wangu alipojibu tangu jana jioni, na kwamba tulishusha kwa panadol, yule daktari hakusema kitu, aligeuka tu akaanza kuamrisha dawa. Baada ya hapo kemo yangu ikaahirishwa, na iliporudi dozi ikapunguzwa, yaani matibabu yenyewe ya kansa ndo yaliyolipia usiku ule.

Na yule jamaa mpaka leo hajakubali. Anasema ilikuwa bahati mbaya. Hapana, haikuwa bahati mbaya, ilikuwa ni mtu anaongea kwa uhakika kitu asichokijua, mbele ya familia iliyochoka inayotafuta mtu wa kuwaambia kwamba mambo yako sawa. Kuuguza mgonjwa mmoja hakukufanyi ujue damu ya mgonjwa mwingine. Aliyekuwa anamuuguza alikuwa anachomwa mionzi tu, hakuwahi kupata kemo, hilo nimekuja kulijua baadaye na lilinikasirisha kuliko kitu chochote.

Sasa kwa nini panadol inaweza kukuponza. Kemo inaua seli zinazozaliana haraka, na ndani ya mifupa kule uboho unakotengeneza damu ni kuzaliana mchana na usiku, kwa hiyo nako kunapigwa. Wanaoanguka vibaya ni hawa askari wa mwili, chembe nyeupe zinazoitwa nyutrofili. Kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu halafu zinaanza kupanda, ndo maana mizunguko mingi imepangwa kila baada ya wiki tatu. Mtu mzima kwa kawaida ana kuanzia 1,500 hivi kwenda juu kwa kila mikrolita ya damu, zikishuka chini ya 500 ni hatari kubwa. Wewe uko siku ya kumi, hesabu mwenyewe.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Usaha unaouona kwenye kidonda ni chembe hizo hizo zilizokufa kazini. Zikiwa hazipo, kidonda kinaweza kisitunge usaha, kifua kinaweza kisitoe makohozi, koo likauma kidogo tu. Unajitazama mwili mzima huoni kitu. Homa inaweza kuwa ndiyo ishara pekee uliyonayo, na panadol inaifuta hiyo ishara huku bakteria wanaendelea na shughuli zao. Sijasema panadol ni haramu, nasema upime kwanza, upige simu kwanza, ukiambiwa umeze ndo umeze.

Umesema pia kwamba haiwezi kuwa maambukizi kwa sababu hujatoka nje wala hujakaa na mtu anayekohoa. Dada, bakteria wengi wanaowaangusha watu wa kemo wanatoka ndani ya mtu mwenyewe, utumboni na mdomoni. Dawa inachubua ngozi laini ya mdomo na utumbo, wanapita hapo hapo. Kwa hiyo hivyo vidonda vya mdomo ulivyovitaja mwisho kabisa usivichukulie poa. Mswaki laini kabisa, sukutua mara nyingi kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na zile dawa za kusukutua zenye spiriti achana nazo zinaunguza na kukausha. Na ukikosa choo kwa sababu ya vidonge vya kuzuia kutapika, maana ondansetroni inafunga tumbo hasa, waambie wakupe dawa ya kulainisha ya kunywa. Usikubali kupigwa bomba la maji wala kuwekewa kidonge huko nyuma, na joto usipimie huko pia, hako kamchubuko kadogo tu kanatosha kuwa mlango.

Themomita iwe yako, ikae kando ya kitanda, si ya kuazima kwa jirani. Kama unapimia mdomoni na umetoka kunywa kitu cha moto subiri kama robo saa hivi. Kuna wodi zinataka upige ikifika 38, nyingine 37.5, waulize wao namba yao ni ipi uiandike. Na usitegemee namba peke yake, ukitetemeka kwa baridi, ukichanganyikiwa, ukipumua haraka, ukikojoa kunachoma, au pale mrija wa dawa ulipoingilia mwilini pakiwa pekundu panauma, unapiga hata kama themomita inasema uko vizuri. Zile steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kichefuchefu wanazokupa na kemo, zinaweza kuficha homa pia.

Ukifika hospitali usikae kwenye benchi na foleni ya wanaokohoa ukingoja kuitwa. Sentensi yako ya kwanza pale mapokezi iwe "niko kwenye kemo na nimepata homa". Wakizubaa rudia kwa sauti, au mwenzako aseme. Uwe na karatasi ina majina ya dawa zako za kemo, tarehe ya dripu ya mwisho, na mzio kama unao, maana daktari wa zamu ya usiku hakujui na wewe utakuwa huna nguvu ya kueleza. Mimi begi langu lilikaa mlangoni mpaka nimemaliza matibabu, wageni wakawa wanauliza nasafiri kwenda wapi.

Najua kinachokuzuia ni aibu ya kusumbua. Na mimi ilikuwa hivyo hivyo. Ila wauguzi wa wodi za kansa simu hizo ndizo kazi yao, wanapokea za usiku na za sikukuu, na ukienda ukapimwa damu ukakutwa chembe zako ziko sawa, umepoteza nini? Usingizi wa usiku mmoja ambao hata hivyo ungekosa. Zikikutwa chini, daktari anaweza kukupangia sindano ya kuchochea uboho baada ya dripu zinazofuata. Hiyo nayo inaweza kukuumiza mifupa, hasa kiuno na mapaja, lakini inasaidia.

Chakula, kula unachoweza kidogo kidogo, kiwe kimeiva vizuri, na kama vijiko vya chuma vinakupa ile ladha tumia vya plastiki. Nywele nyingi zinaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, ukitaka zinyoe mapema. Mazoezi na usingizi kuna watu humu wanaojua kuliko mimi watakujibu. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, umepiga? Usinijibu kwamba homa imeshuka, niambie wodini wamesema nini na damu wamepima lini.