Maswali ya Wasomaji: Kupima Masomo ya Utalii Shuleni

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Shule yetu ya sekondari imefundisha utalii miaka mitatu, ikishirikiana na hoteli za hapa mjini. Bodi sasa yataka tathmini. Mwalimu mkuu aona idadi ya waliofaulu mtihani yatosha. Nyinyi mwaonaje? – Mwalimu, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, Mwalimu. Haitoshi. Mtihani huonyesha kijana anajua nini. Kama masomo yamempatia riziki, na riziki ya namna gani, hayo mtayapata kwa wahitimu wenyewe.

Anzeni na hesabu, maana hapo ndipo ripoti hupotoka. Tuseme walijiandikisha 40, mkawapata kwa simu 22, na 15 kati yao wana kazi. Kwa 22 hiyo ni asilimia 68; kwa 40 ni 37.5. Andikeni zote mbili. Asiyepatikana huenda ana kazi, lakini msimfute kana kwamba hakusoma kwenu. Namba za simu hubadilika, kwa hiyo kila anayejiandikisha aache na za jamaa wawili.

Msiulize "Una kazi?" Aliyebeba mizigo siku mbili atajibu ndiyo, anayezungusha watalii kwa mashua ya babake huenda akajibu hapana. Ulizeni: katika siku 30 zilizopita, umefanya kazi ya malipo siku ngapi, na kazi gani? Pigeni simu Januari, wageni wakiwa wengi, na tena Mei, masika yakiwa yamekolea na hoteli nyingine zimefungwa. Ukipima Januari pekee, vibarua wa msimu utawahesabu kama walioajiriwa. Na anayeuliza asiwe mwalimu aliyewafundisha: kwa kumstahi, watamwambia mazuri tu.

Kisha tazameni ujuzi wenyewe. Mwanafunzi awaongoze watu wanne katika magofu ya Gede kwa dakika 20, wasimamizi wawili wakimpa alama kila mmoja kivyake. Wakitofautiana sana, vigezo haviko wazi. Viandikwe upya kabla ya kumlaumu mtoto. Kigezo kizito kwetu ni ukweli. Aulizwapo asilolijua akasema "nitakuulizia," apewe alama. Anayebuni visa vya masultani apunguziwe, hata kama Kiitaliano chake chatiririka.

Kuhusu mafunzo kazini, hoteli yaweza kusaini "vizuri sana" ilhali mtoto ameosha vyombo wiki tatu. Chukueni daftari lake la kila siku, mjumlishe saa za mapokezi, vyumba, jikoni na kuongoza wageni. Mhojini pia faraghani, mbali na hoteli, kuhusu zamu za usiku, usafiri wa kurudi kwao, na kama amewahi kupelekwa kwenye nyumba ya mgeni. Wengi hawajafika miaka 18. Likitokea jambo hapo, lisingoje ripoti: pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, siku hiyohiyo, ni bure.

SWALI: Huku Lamu hatukuweka takwimu tangu mwanzo. Tumechelewa? – Mzazi katika bodi

JIBU: La, rejesta za darasa zinatosha kuanzia. Tafuteni waliomaliza mwaka uleule bila kusoma utalii, muwaulize maswali yayo hayo. Wakiwa nao wanaongoza wageni Mji wa Kale kwa kiwango kilekile, ajira hiyo haikuletwa na masomo. Ila kama mlichagua wenye ndimi nyepesi tangu mwanzo, linganisheni tu waliokaribiana alama za lugha walipoingia.