Jibu: Kwa nini New Trier ina kampasi mbili?

Ndugu, umeuliza kwa nini New Trier, shule ya sekondari ya umma katika vitongoji vya kaskazini mwa Chicago, ina kampasi mbili ilhali jina ni moja. Shule ilifunguliwa mwaka 1901 huko Winnetka, karibu na Ziwa Michigan. Wanafunzi walipozidi nafasi, mwaka 1965 ikafunguliwa ya pili huko Northfield, iliyojitegemea kwa jina la New Trier West. Watoto walipopungua, West ikafungwa mwaka 1985. Idadi ilipopanda tena, majengo yale yakarudishiwa wanafunzi mwaka 2001, safari hii wa darasa la 9 pekee, huku wa darasa la 10 hadi la 12 wakisoma Winnetka. Mpango huo naona una busara: mtoto wa miaka 14 hapigani vikumbo kwenye korido na vijana wanaokaribia umri wa kupiga kura.

Neno “umma”, hata hivyo, lisikupotoshe. Karo ya masomo hailipwi, lakini sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya majengo ya wakazi wa eneo hilo, ambao wengi wao wana uwezo, na kwa kawaida anayeandikishwa ni mtoto anayeishi ndani ya mipaka yake.