Riwaya za kumsomea mtu: nilizosoma tangu mwezi wa tatu na ninazozipendekeza

Ndugu wapenzi wa vitabu, salaam. Mwenzetu ameuliza tumesoma nini katika miezi ya karibuni, na ni riwaya zipi tungempa mtu anayetaka kurudia kusoma baada ya kuacha tangu alipomaliza shule. Nimezipitia orodha zenu na nyingi nakubaliana nazo. Yangu itakuwa tofauti kidogo, kwa sababu tangu mwezi wa tatu sijasoma riwaya hata moja kimyakimya. Zote nimezisoma kwa sauti, sebuleni baada ya chakula cha usiku, nikimsomea mama mkwe wangu, na jambo hilo limebadili kabisa namna ninavyokipima kitabu.

Mama alikuja kwetu Mwanza kutoka kisiwa cha Ukerewe kwa matibabu. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji mwezi huo wa tatu, la pili likabidi lisubiri. Ni mama aliyezoea kusoma kila kinachomjia mkononi, kuanzia Biblia yake hadi kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa, na zile jioni za kukaa bila kuona herufi zilimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Redio alikwisha kuichoka. Ndipo mume wangu akakumbuka kwamba jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, anayo riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, juzuu zote mbili, akaenda kuziazima. Jalada la juzuu ya kwanza lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi.

Kwa wasioifahamu, niseme kidogo kuhusu kitabu hiki, maana historia yake inaumiza. Kitereza alikuwa Mkerewe, na riwaya hii aliiandika kwanza kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa kukichapa kitabu kikubwa kiasi hicho katika lugha ya watu wachache, kwa hiyo miaka ilipokwenda akaifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kumalizika, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Kila ninapoifungua huwa nawaza jinsi mtu anavyoweza kuutunza mswada nyumbani kwa miaka yote hiyo bila kukata tamaa.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wanamtaka aoe mke mwingine, na maneno hayo yanapowafikia wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere hakubali kuoa mwingine. Anabaki peke yake na mji wake na ng'ombe wake, kisha anafunga safari ya kwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, na huko anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye ndipo yanapofuata ya mganga, na ya kuzaliwa kwa watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali, ambao nao wana safari zao ndefu.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, na Ukerewe nimekwenda kama mgeni tu, kwa siku za misiba na sikukuu. Kwa hiyo zile kurasa ambazo Kitereza anaisimamisha hadithi ili aeleze namna kazi fulani inavyofanyika, mimi peke yangu ningeziruka. Nakiri kwamba nilipojaribu kitabu hiki miaka kumi iliyopita niliziruka, na hatimaye nikakiacha. Safari hii sikuweza kuruka kwa sababu msikilizaji wangu hakuniruhusu. Tulipofika kwenye utengenezaji wa pombe ya ndizi, mama alinisimamisha, akaweka kikombe cha chai chini, akainama na kunionyesha kwa mikono miwili namna ndizi mbivu zinavyopondwa pamoja na nyasi hadi maji yake yatoke, na namna mtama unavyokaangwa kabla ya kusagwa na kutiwa humo. Alieleza pia harufu ya mtama ukiwa umefikia kiwango na harufu yake ukiwa umeungua. Kisha akaniambia niendelee. Kuanzia hapo nilielewa kwamba kwa mwandishi huyu maelezo ya kazi ndiyo hadithi yenyewe, kwa sababu mtu anayedaiwa pombe na wakwe zake hupimwa kwa kila hatua ya kuipika pombe hiyo, na msomaji asiyeijua kazi hawezi kuuona uzito wa deni.

Kuna jambo lingine nililolipata katika kitabu hiki, nami nalisema kwa sababu huenda miongoni mwenu kuna mwenye kulihitaji. Mimi na mume wangu tulikaa miaka sita kabla ya kupata mtoto. Katika miaka hiyo ndugu mmoja wa ukoo alinitamkia neno mbele za watu, kwenye shughuli ya familia, neno ambalo sitalirudia hapa. Mama mkwe alikuwapo, amekaa mkekani hatua chache kutoka nilipokuwa, na hakusema kitu. Hatukuwahi kulizungumza. Sasa jioni hiyo nilikuwa nasoma maneno ya ndugu wa Myombekere juu ya Bugonoka, nikajikuta nasoma haraka ili nipite.

Mama akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia, polepole. Alikaa kimya kwa muda mrefu, hata nikadhani amesinzia, kisha akasema, "Siku ile nilipaswa kusema." Sikumuuliza ni siku ipi. Akaniambia niendelee, nikaendelea hadi mwisho wa sura.

Kwa hiyo kama mnaniuliza riwaya ya kwanza ninayoipendekeza, ni hiyo. Juzuu ya pili inapungua kasi katika baadhi ya sehemu, na kuna jioni tulifunga kitabu mapema. Vilevile si rahisi kuipata. Mimi binafsi sijawahi kuikuta mpya dukani, kwa hiyo tafuteni maktabani na kwa walimu wa zamani. Anayesoma Kiingereza ataipata tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mwana wa kisiwa hichohicho na mwandishi wa riwaya za Kiswahili kama Miradi Bubu ya Wazalendo, lakini aliye na Kiswahili asijinyime ladha ya sentensi za Kitereza mwenyewe.

Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuingia Ukerewe hatukutaka kutoka, tukachukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Mimi niliisoma hivyo, na kusema kweli niliwahi kuujua uchambuzi wake kabla ya kukijua kitabu: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, na lile swali la nani wa kulaumiwa, ambalo tulilijibu kwa hoja sita zilizopangwa. Nilipoisoma kwa sauti hoja zote sita zilinitoka kichwani. Mama alikasirika kuanzia kurasa za mwanzo. Alikuwa akimtaja Zakaria, baba yake Rosa, kama mtu anayemfahamu, aliye jirani na ambaye angeweza kumwendea kesho asubuhi akamwonya. Ukali wa baba huyo kwa binti yake, yaani kipigo na uchunguzi wa kila hatua kwa hofu ya wavulana, ulimfanya aseme kwamba huyu baba anamsukuma mtoto kulekule anakomkataza. Alilisema hilo mapema, kabla Rosa hajaondoka nyumbani, na mimi ninayekijua kitabu nilishindwa kumjibu.

Riwaya hii ilizuiliwa shuleni kwa kipindi fulani baada ya kutoka, baadaye ikaruhusiwa na kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Nawashauri walio na watoto wa sekondari wasiwaachie tu kitabu na karatasi za uchambuzi. Mzazi aisome kwanza peke yake, kwa sababu ni kitabu kizito na mwisho wake ni wa huzuni kubwa, kisha waizungumze pamoja. Mama aliomba tupumzike siku mbili baada ya kuimaliza.

Nilidhani tungeweza kuendelea na Kezilahabi katika Nagona, ambayo ni fupi na mimi naipenda sana. Tulijaribu jioni tatu tukaiacha, na kosa halikuwa la kitabu wala la msikilizaji. Nagona inamtaka mtu arudi nyuma, akae na sentensi moja, afunge kitabu afikiri, na mambo hayo hayawezekani mtu mwingine akiwa anasubiri neno linalofuata. Kwa mwenzetu aliyeuliza, ningesema asianze na Nagona wala Mzingile, riwaya nyingine ya Kezilahabi. Aziweke zimngoje.

Tulichohitaji ni kitu cha kutufungua kifua, nacho tukakipata kwa Bwana Msa, mpelelezi wa hadithini. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, na bado inamshika mtu. Kuna maiti ya tajiri, kuna pahali pa mzimu panapoogopwa, na kuna mpelelezi mwenye kiko chake anayewaacha wengine waseme hadi wajifunge kwa maneno yao. Hapo hata mume wangu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akipita tu kuelekea kwenye taarifa ya habari, akaanza kukaa. Tulikuwa tunabishana juu ya muuaji wakati wa kutoa vyombo. Kiswahili chake cha Unguja kilinifunza maneno ambayo nilikuwa sina, na mazungumzo yake yanasomeka kwa sauti kana kwamba yaliandikwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyeacha kusoma kwa miaka mingi, huyu ndiye wa kumrudisha, kisha baada ya hapo apewe Kitereza.

Baada ya Bwana Msa tulibaki Zanzibar na kusoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin ana miaka kumi na mitano, anaozwa Raza, mwenye duka wa miaka hamsini na miwili. Nilipozisoma hesabu hizo mama aliguna tu. Wengi humsifu Shafi kwa siasa za kupigania uhuru zilizomo humo, na ni kweli Denge, mpigania uhuru, na wenzake wamechorwa vizuri, lakini kwangu mimi kilichokibeba kitabu ni urafiki wa Yasmin na Mwajuma. Yule anayempokea mwenzake aliyekataliwa na jamaa zake, akamgawia kidogo alichonacho bila kumhesabia, ndiye aliyenifanya niongeze kurasa hata usiku ulipokuwa umekwenda. Kuna filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji, ya mwaka 2021. Itazameni baada ya kusoma.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, tuliipitia haraka kwa sababu binti yangu alijiunga nasi na hakutaka tusimame. Ni ya msimulizi anayekulia Tanga na kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kwa nyumba yenye watoto wa umri wa miaka kumi na kuendelea, sijui nyingine ya Kiswahili inayofaa zaidi kusomwa pamoja.

Mwenzetu mmoja hapo juu amesema hapati muda. Sisi tulikuwa tunasoma nusu saa tu kwa usiku, na tuligundua kwamba ni heri kusimama katikati ya mazungumzo kuliko mwisho wa sura, kwa sababu hapo kila mtu hulala akiwa na hamu. Kabla ya kuanza, mama ndiye aliyekuwa akisimulia tulipoishia jana, na mara nyingi alikumbuka vitu ambavyo mimi niliyesoma kwa macho yangu nilikuwa nimevisahau.

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji mwezi wa saba, na sasa mama anasoma kwa miwani bila shida. Wiki mbili zilizopita nilimletea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, nikampa mkononi nikidhani kazi yangu imekwisha. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari, akaugeuza, kisha akanirudishia kitabu akasema, "Haya, endelea wewe." Tumefika pale kijana Yusuf, aliyechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake, anapoingia bara na msafara. Kesho ni zamu ya mume wangu kusoma.