Maswali ya Wajenzi: Pima Udongo Kabla ya Kununua Saruji

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Najenga vyumba vitatu kwa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, yale ya mashine ya mkono. Fundi anatoa matofali 120 kwa mfuko mmoja wa saruji. Yakikauka yanamomonyoka pembeni, mengine yana nyufa. Nimwambie aongeze saruji?
— Msomaji, Chamwino

JIBU: Subiri kwanza, ndugu yetu. Saruji ni kidogo, ndiyo, lakini kiasi chake kinaamuliwa na udongo, na udongo wako haujapimwa. Mwambie fundi atengeneze kisanduku cha mbao kilicho wazi juu, ndani kiwe na urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4. Akipake mafuta. Achimbe chini ya tabaka lenye mizizi na samadi, achekeche kwa wavu wa mm 5, akande udongo na maji hadi uwe uji mzito, kisha aujaze kisandukuni akiushindilia usibaki na hewa. Uachwe juani siku tatu, au kivulini siku saba. Ukikauka, sukumeni vipande vyote upande mmoja, mpime pengo lililobaki.

Pengo likiwa chini ya mm 15, changanya makarai 18 ya udongo kwa karai 1 la saruji. Kati ya mm 15 na 30, makarai 16. Hadi 45, makarai 14. Hadi 60, makarai 12. Likizidi hapo mfinyanzi ni mwingi mno: ongeza mchanga, upime upya. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usiuguse kabisa.

Sasa rudi kwenye yale 120. Tofali la sm 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kilo 8 hadi 9. Kwa makarai 16, mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 80 hivi. Kwa makarai 12, kama 60 na ushee. Hata udongo mzuri kuliko wote, wa makarai 18, haufiki 100. Ndiyo maana pembe zinamomonyoka.

Nyufa nazo mara nyingi ni za ukaushaji. Upepo wa Dodoma unanyonya maji kwenye tofali bichi kabla saruji haijafanya kazi yake, na saruji iliyonyimwa maji haikomai hata ungeweka mifuko miwili. Yapangeni kivulini, yafunikwe nailoni, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba, na yasijengewe kabla ya siku 28. Maji ya kuchanganyia yapimeni hivi: finyanga donge la ukubwa wa ngumi, liangushe kutoka usawa wa mita moja kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kama vumbi, maji ni kidogo. Likibonyea tu, yamezidi. Likikatika vipande vinne au vitano, gandamizeni mara moja, na mchanganyiko wote uishe ndani ya saa moja. Uliolala usirudishwe mashineni kwa kuongezewa maji. Hapo wengi huharibu kazi nzima ya siku.

Ukuta wa mita moja ya mraba unakula matofali 33. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini wa matofali, ndiyo inayolazwa kwa chokaa ya saruji na kunyooshwa kwa pimamaji. Ikikosea mm 5, kosa linapanda nayo hadi kwenye linta, kwa kuwa kozi za juu hufungamana bila chokaa ya kulificha. Msingi wa mawe uinuke angalau sm 45 kutoka ardhini ili matone ya mvua yanayoruka yasifike kwenye tofali.

SWALI: Nataka kujenga nyumba za kupangisha na nimesikia vyeti vya majengo ya kijani vimebadilishwa. Nikiweka sola ya kutosha nitapata cheti?
— Msomaji, Njedengwa

JIBU: Sola peke yake haitoshi. Kwa nyumba za kupangisha tunakushauri EDGE, mfumo wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia. Mfumo huo unadai upunguze angalau asilimia 20 katika mambo matatu, kila moja peke yake: nishati, maji, na mzigo wa utengenezaji wa vifaa, ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo hilo. Ziada ya umeme hailipi deni la vifaa. Daraja linalofuata linataka upunguze asilimia 40 ya nishati. LEED, mfumo wa vyeti wa Marekani, katika toleo la tano la mwaka 2025 nao sasa unamlazimu mjenzi kukokotoa kaboni ya vifaa vyake, yaani hewa ya ukaa inayotoka vinapotengenezwa.

Anza na ramani. Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha ya magharibi yawe machache. Bafuni, weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua: ikijaa kabla ya sekunde 75, bomba linatoa zaidi ya lita 8 kwa dakika, tafuta jingine. Kwenye vifaa, kuta, paa na sakafu ndizo zinazobeba hesabu. Jaza programu ya EDGE, ni bure mtandaoni, kabla hujachimba msingi. Cheti cha awali hutolewa kwa michoro, cha mwisho baada ya mkaguzi kuona jengo. Tunza risiti na picha za kila hatua. Kilichofunikwa kwa lipu hakionekani tena.

SWALI: Matofali ya kuchoma si ya udongo pia? Mbona hamyapendekezi?
— Msomaji, Kondoa

JIBU: Ni ya udongo, ila tanuri linakula miti. Wazee wa Kondoa wanaijua HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yameimeza ardhi yenu. Kama tanuri lipo na utajengea matofali yake hata hivyo, choma kwa pumba za mpunga kutoka Bahi badala ya magogo, na usipokee tofali lisilolia kama chuma ukiligonga na jingine: hilo halikuiva, na maji yatalila.